Udongo wa Ukamba uko ufuoni Malindi: barua ya wazi kwa wanaosimamia Mto Athi, Galana na Sabaki

Kwa Waheshimiwa Magavana wa kaunti zote ambazo maji yake huishia katika mto huu, kuanzia Kajiado, Kiambu na Nairobi, kupitia Machakos, Makueni na Kitui, hadi Kilifi;
kwa Waziri wa Maji;
na kwa wakuu wa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, Mamlaka ya Maendeleo ya Mito ya Tana na Athi, na Mamlaka ya Maendeleo ya Pwani.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu. Dirishani kwangu pana chupa mbili za lita moja moja. Zote nilizijaza siku moja, chini ya daraja la Sabaki, mto ukiwa umefura hadi unavuma. Mto ni mmoja: bara huitwa Athi, katikati Galana, na huku kwetu Sabaki. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa iliyozidishwa majani. Chupa ya kwanza niliiacha vile vile. Ya pili nilimwaga robo yake, nikajazia maji ya bahari niliyochota ufuoni nikirudi. Nikaziweka, nikaenda zangu kuswali magharibi. Niliporudi, mchanga ulikuwa ushatua chini ya zote mbili, unene wa ukucha. Lakini asubuhi ndiyo iliyonishangaza: chupa yenye maji ya bahari ilikuwa imetakata, tope lote limeshuka likakaa juu ya mchanga kama uji ulioganda. Ile ya maji matupu ya mto bado ni chai. Ilibaki chai siku tisa.

Watu wa Garashi na Jilore hawangeshangaa. Wao wakichota maji ya mto huu hutia shabu ili tope lizame. Chumvi ya bahari hufanya kazi iyo hiyo: chembe za mfinyanzi, ndogo kiasi cha kuelea wiki nzima, zikikutana na chumvi hushikana, huwa vibonge, huzama. Mchanga hauna haja ya chumvi, hungoja tu maji yapunguze mwendo. Ndiyo maana mto huu, uliochukua mzigo wake mamia ya kilomita kutoka bara, huutua mahali pamoja: mlangoni pa bahari, ambapo mwendo hufa na chumvi huanza. Mahali hapo ni kwetu.

Mimi ni mwendesha boti. Kwa miaka 26 nimewapeleka wageni kwenye Hifadhi ya Bahari ya Malindi, ile iliyotengwa 1968, wakaangalie matumbawe kupitia kioo kilicho chini ya boti. Sikusomea mito. Lakini chakula cha wanangu kimetegemea maji kuwa maangavu, na mtu ambaye riziki yake iko hivyo hujifunza kuyasoma maji kama mkulima anavyosoma mawingu.

Sisi hapa tope hatulihesabu kwa mvua peke yake, tunalihesabu pamoja na upepo. Masika yakinyesha bara, Aprili na Mei, kusi huwa ishaanza kuvuma, na mzigo wa Sabaki husukumwa kaskazini, Mambrui, Ngomeni, hadi ghuba ya Ungwana. Malindi hupona. Vuli ni habari nyingine. Mvua zinyeshapo kati ya Oktoba na Disemba, kusi inakufa na kaskazi inazaliwa, na mzigo uleule hugeuka ukashuka kusini, ukaingia ghubani kwetu, ukafika juu ya matumbawe. Mwaka mbaya hufika hata Watamu. Na vuli hiyo hiyo ndiyo inayoikuta ardhi ya Ukamba iko uchi baada ya kiangazi kirefu: nyasi zimeliwa, shamba limelimwa linangoja mbegu. Kwa hiyo tope jingi kuliko yote na upepo wa kutuletea hukutana msimu mmoja, na msimu huo ndio wageni wanapokuja.

Disemba moja niliwapakia Waitaliano, baba, mama na watoto. Nilijua maji si mazuri, lakini nilikuwa nimekaa siku sita bila safari, nikajipa moyo kwamba upande wa nje wa mwamba patakuwa na nafuu. Hapakuwa. Mtoto wao wa kiume alilala kifudifudi juu ya kioo kama dakika ishirini akingoja samaki. Alichokiona ni uso wake mwenyewe. Niliwarudishia pesa zote, mafuta yakawa hasara yangu, na ningali namwona yule mtoto.

Upande wa nchi kavu nako kumebadilika. Kuna hoteli moja ya zamani ambayo sitaitaja, kwa sababu haina kosa. Utotoni tulikuwa tukiruka kutoka juu ya ukuta wake wa mbele moja kwa moja majini, maji yakijaa, huku mlinzi akitukimbiza. Leo ukisimama juu ya ukuta ule bahari utaisikia tu. Mbele yako pana mchanga, kisha majani, kisha vichaka, kisha mchanga tena, ndipo maji. Mchanga wenyewe unameta kwa ulanga, na huko Mambrui unameta hadi watu wanauita wa dhahabu. Ulanga huo haukuzaliwa baharini. Umetoka kwenye miamba ya zamani ya bara, ukaviringishwa na Athi, ukapita ndani ya mbuga ya Tsavo, ukamwagwa hapa, mawimbi yakaurudisha ufuoni na upepo ukaupandisha kuwa vilima. Na mwendo mfupi kusini mwa hapo, kwenye jabali lenye Mnara wa Vasco da Gama, bahari inakula mwamba. Mji mmoja, huku nchi inaongezeka, kule inapungua.

Mtaniuliza tope hilo ni kiasi gani. Nami nataka kuwauliza ninyi, kwa sababu takwimu zinazosomwa kwenye makongamano hazifanani: wako waliotaja tani milioni mbili kwa mwaka, wako waliotaja zaidi ya milioni saba. Tuchukue ile ndogo ili asije mtu akasema natia chumvi. Tani milioni mbili ni malori laki moja ya tani ishirini ishirini. Kwa siku ni malori 274. Yaani kila dakika tano, usiku na mchana, sikukuu na siku za kazi, lori moja la udongo linapita chini ya daraja la Sabaki kuingia baharini, na hakuna askari wa barabarani anayelisimamisha. Kwa kweli hayaji kwa mstari hivyo. Mto huu unaweza kukaa miezi umetulia, kisha siku chache za mafuriko zikabeba mzigo wa mwaka. Anayekuja kupima Februari, mto ukiwa umepungua na viboko wamejikunyata, atarudi ofisini na jibu zuri sana lisilo na maana.

Ila kuna shahidi aliyepima bila kukosa siku. Ndani ya hifadhi yetu kuna matumbawe makubwa ya duara ambayo hukua tabaka juu ya tabaka kila mwaka, kama pete za mti. Watafiti walitoboa tumbawe moja, wakatoa kijiti kirefu cha mwamba, wakasoma humo kiasi cha madini ya bariamu, ambayo huja baharini pamoja na udongo wa mto. Matokeo yalichapishwa 2007. Tumbawe hilo lilikuwa na kumbukumbu ya miaka kama 300. Miaka mia mbili ya kwanza mstari umelala, udongo ni kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 unaanza kunyanyuka, na ukishanyanyuka haurudi chini tena.

Kilichotokea bara wakati huo ninyi mnakijua kuliko mimi. Reli ilifika, walowezi wakagawiwa nyanda za malisho, Wakamba wakabanwa kwenye eneo walilotengewa na serikali ya kikoloni, watu na ng'ombe pamoja, juu ya vilima. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ikaitazama Machakos iliyochanika makorongo ikasema tatizo ni ng'ombe wengi. Mwaka 1938 ng'ombe wakaanza kukamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, hadi Nairobi, wakapiga kambi wakisema hawaondoki mpaka Gavana awasikilize. Serikali ilirudi nyuma kuhusu ng'ombe, lakini Mbingu mwenyewe ikamkamata ikampeleka uhamishoni Lamu. Mimi huwa nafikiri: mtu yule alifungiwa kando ya bahari ambayo udongo wa kwao ulikuwa ushatangulia kuifikia.

Najua habari hizi kwa sababu binti yangu ameolewa Makueni, upande wa vilima vya Mbooni. Mara ya kwanza nilipokwenda kwa mkwe wangu nilipanda hadi shambani kwake nikitweta, mtu wa pwani hajazoea ardhi iliyosimama. Shamba lote limekatwa ngazi. Mnachimba mtaro kukingama mteremko, udongo wake mnautupa upande wa juu uwe tuta, juu ya tuta mnapanda majani ya ng'ombe. Mvua ikija, maji yakikimbia hukutana na tuta, huchoka, huacha udongo waliouchukua. Mwaka baada ya mwaka ngazi hujisawazisha yenyewe. Jina lake ni fanya juu, na kwa taarifa yenu jina hilo limeandikwa hivyo hivyo, kwa Kiswahili, katika vitabu vya kilimo vya wazungu, kwa sababu wao hawakuwa nalo la kwao. Sioni likitajwa kwenye hotuba za hapa nyumbani.

Mkwe alinipeleka mahali ambapo ngazi tatu zimekatika. Hapakuwa na ajabu yoyote: njia ya ng'ombe tu, wakienda kunywa maji. Kwato zimelainisha tuta la kwanza, maji yakapata pengo, yakaingia la pili yakiwa na nguvu zaidi, la tatu hayakuuliza. Nilishuka ndani ya korongo hilo likanifika kifuani. Ukiwa humo unauona udongo kwa ubavu, kama keki iliyokatwa. Juu kabisa ule mweusi wenye mizizi, nikaupima kwa mkono: shubiri moja, basi. Chini yake mwekundu mtupu, kisha mwamba uliooza unaomeguka vidoleni. Maisha yote ya kilima kile, mahindi, maharagwe, miembe, ada za shule, yako ndani ya shubiri moja, na mlango wake wa kutokea ni njia ya ng'ombe.

"Huu ndio unaokwenda kwenu," mkwe akaniambia. "Ukija tena, mkwe, njoo na gunia, unirudishie."

Nilimuuliza mbona hajaziba. Zamani, akasema, kazi hiyo ilikuwa ya mwethya: majirani, wengi wao kina mama, wanakusanyika leo kwako kesho kwangu, jembe na nyimbo. Wakati wa mkoloni watu walichimba matuta kwa amri wakiyachukia. Baada ya Uhuru wakayachimba wenyewe, mengi kuliko ya mkoloni, kwa sababu kahawa na mboga zililipa, na shamba lenye ngazi lilizaa. Sasa vijana wako Nairobi na Athi River, mwenye kubaki ana umri kama wetu, na kuziba korongo la kimo kile kunataka wanaume kumi na mawe. "Serikali huja kutuhesabu miti," akasema. "Haiji kutuhesabu matuta."

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike. Waheshimiwa wa kaunti za juu, tuta la mkwe wangu mnalihesabu, mkilihesabu, kama jambo la kilimo cha Makueni. Mimi naliona ni ukuta wa bahari ya Malindi. Waheshimiwa wa Kilifi, kwenu mwamba wa matumbawe ni jambo la utalii na uvuvi, na kila vuli mnaitisha kikao kuhusu ufuo mchafu. Ufuo hausafishwi ufuoni. Shilingi moja ya Kilifi ikienda kulipa vibarua wa kuziba korongo Mbooni itaokoa matumbawe kuliko shilingi kumi za kikao kilichofanyika kando ya bwawa la kuogelea. Najua fedha za kaunti moja kwenda kutumika kaunti nyingine ni jambo la kutafutiwa njia ya kisheria. Tafuteni. Mamlaka mnazo mbili, moja ya Tana na Athi, nyingine ya Pwani, ni kama mto wenyewe umekatwa kiunoni ukagawiwa wake wenza.

Nisieleweke vibaya. Sitaki mto usilete kitu. Mto usioleta kitu umekufa, na baadhi ya jamaa zangu wataniletea fujo nikisema hivyo, kwa sababu wao wanavua kamba. Kamba wa ghuba ya Ungwana hukulia kwenye tope la Tana na Sabaki; maji yakiwa safi kupita kiasi nyavu hurudi tupu. Hapa Kiswahili kinatucheza: Wakamba wanapoteza, kamba wananenepa. Mashamba ya kando ya mto, Chakama na Garashi, hupandwa mahindi juu ya tope jipya mafuriko yakirudi nyuma, na mahindi hayo hayahitaji mbolea ya duka. Mji wangu wenyewe, na Kilifi, na sehemu ya Mombasa, wanakunywa maji ya visima vya Baricho, vilivyochimbwa kwenye mchanga ambao mto huu umeulaza humo kwa maelfu ya miaka. Mchanga huo ndio chujio. Hata huko Ukamba wamejifunza kuufanya mchanga uwe tangi: wanajenga ukuta kukinga kijito cha msimu, mchanga unajaa nyuma yake, maji yanajificha katikati ya chembe, jua haliyapati. Ndiyo maana lori linalochota mchanga mtoni usiku huiba vitu viwili, mchanga na maji yaliyo ndani yake. Makueni walitunga sheria ya mchanga mwaka 2015. Nanyi wengine hapo juu, ulindeni mchanga wenu vivyo hivyo.

Na mto kubadilisha nchi si jambo la jana. Mkisafiri kwa treni kutoka Mombasa, mkifika Tsavo mtauona mgongo wa Yatta upande wa kaskazini-mashariki, umenyooka kama umepigwa rula, karibu kilomita 300. Wataalamu wa miamba wanasema ule ni mto wa lava: zaidi ya miaka milioni kumi iliyopita lava ilishuka ikafuata bonde lililokuwapo, ikagandia humo. Kisha maji yakala ardhi laini ya pande zote mbili, lava ikabaki. Lililokuwa bonde sasa ni mlima, na Athi inapita chini yake. Hivyo ndivyo mito ilivyo na subira. Hata lugha ninayowaandikia imebeba jina lake: wanaisimu hukiweka Kiswahili pamoja na Kigiriama, Kipokomo na Kikomoro katika kundi wanaloliita lugha za Sabaki. Tumekaa na mto huu muda mrefu. Kilichobadilika ni haraka yake, na tumbawe linatuambia haraka hiyo ilianza lini.

Sasa nije kwenye bwawa.

Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza 2018, liko pale Mto Thwake unapokutana na Athi. Ukuta wa mita 80 na zaidi kidogo, maji mita za ujazo milioni 688. Silipingi. Watu wa huko wamekosa maji vya kutosha, na mkwe wangu ni mmoja wao. Lakini korongo nililosimama ndani yake linamwaga kwenye Thwake. Rudini kwenye chupa zangu: maji yakisimama, mchanga hutua kabla ya magharibi. Bwawa ni chupa kubwa. Kila lori la udongo mnaloliacha literemke leo halitafika tena Malindi, litalala ndani ya bwawa mlilokopea fedha, na huko hakuna atakayelizoa. Tunayo Masinga kule Tana ya kutufundisha; lilikamilika 1981 na limekuwa likijaa udongo kwa kasi kuliko ile waliyoipangia waliolijenga. Bajeti ya matuta ya vilima vinavyomwaga Thwake ilipaswa kuandikwa ukurasa mmoja na saruji. Kama haikuandikwa, iandikwe mwaka huu, na ilipie matengenezo pia, kwa sababu tuta lililojengwa likaachwa hukatika pale pale penye njia ya ng'ombe.

Na kwetu chini? Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa boti, ambao wanashangilia kwamba bwawa litazuia tope na maji yatang'aa. Yatang'aa kiasi. Lakini maji yaliyotua mzigo wake nyuma ya ukuta hutoka yakiwa na njaa, huanza kula kingo na sakafu ya mto upande wa chini, na ufuo uliozoea kuletewa mchanga kila mwaka hubaki unaliwa bila kulipwa. Misri walijenga bwawa kuu la Aswan, likakamilika 1970. Pale Rashid, tawi la Nile linapoingia Bahari ya Kati, ufuo ukarudi nyuma makumi ya mita kwa mwaka mpaka wakalazimika kujenga kuta za mawe. Nile ni Nile na Sabaki ni Sabaki. Galana ina vijito vyake chini ya Thwake vitakavyoendelea kuleta mchanga. Hata hivyo ile nchi mpya iliyo mbele ya ukuta wa ile hoteli, yenye vichaka, ni mali ya mto. Umetuazima kwa muda.

Nayasema haya kwa sababu nimeona vigingi. Mwezi huu, kwenye mchanga ambao nilipokuwa mtoto palikuwa maji ya kuogelea, pana vigingi vya mbao vyenye kamba na rangi nyekundu. Mtu amepima. Sijui ni nani na simtuhumu mtu. Nawauliza wenye mihuri tu: mkiandika hati ya kiwanja juu ya ardhi ambayo haikuwapo miaka hamsini iliyopita, na bwawa linajengwa huko juu la kuzuia mchanga unaoishikilia, atakayefidiwa bahari ikirudi ni nani, na kwa fedha za nani?

Maombi yangu mmeyaona humo humo njiani, sitayapanga tena mstari. Moja tu nililoliacha: kipimo. Wekeni chombo cha kupima tope kwenye daraja la Sabaki na kingine juu ya Thwake, visomwe kila siku ya mafuriko, si siku ya semina, na hesabu yake ibandikwe mahali ambapo mvuvi na mwenye hoteli wataiona. Jumuiya za watumiaji wa maji ziko, vijana wenye simu wako, na kazi yenyewe si ya ajabu. Mimi naifanya kwa chupa.

Vuli ikianza nitakuwa chini ya daraja kila mto unapopanda, upande wa Malindi, penye mti mkubwa wa mkwaju. Safari hii nitakuwa na chupa kumi na mbili, kila moja na tarehe yake, na mkwe ameahidi kuniletea sita kutoka Thwake. Mkituma mtu, aje mapema, mto ukipanda hausubiri saa za ofisi, na avae viatu visivyomuuma kupoteza. Kuna mamba.

Wenu mtiifu,
Mwendesha boti, Malindi